Chanjo kwanza, tiketi baadaye

Tulikuwa na kila kitu: viza ya matibabu, barua ya daktari wa moyo wa Chennai, tiketi za Alhamisi kutoka Nairobi. Mamangu alikuwa ameshakunja leso zake sandukuni. Ijumaa ya wiki moja kabla ndipo nilipokumbuka chanjo ya homa ya manjano, nikakimbia kudungwa. Muuguzi aliandika tarehe kwenye kadi, kisha akanionyesha kwa kidole tarehe ya pili, ile ambayo kadi inaanza kutumika. Siku kumi mbele. Ndege yetu ilikuwa siku ya sita.

India haina mchezo na jambo hili. Anayetoka Kenya bila kadi halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na mimi ndiye niliyekuwa nimshike mama mkono. Tukasogeza safari na kulipia mabadiliko ya tiketi. Pesa zilirudi baadaye. Kilichoniuma ni zile usiku alizolala amekaa, mito mitatu mgongoni, akitafuta pumzi, kwa sababu yangu.

Kadi yake mwenyewe haikuwa na tatizo. Aliipata alipokwenda Hija 2011, na imeandikwa miaka kumi, lakini tangu tarehe 11 Julai 2016 chanjo moja ya homa ya manjano inatambuliwa maisha yote. Kwa hiyo usiitupe kadi ya zamani, wala usikubali kuambiwa urudie kwa sababu tu miaka imepita. Tena kwa mzee aliyepita miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa, mwone daktari kwanza. Ndani ya chanjo hii mna virusi hai vilivyodhoofishwa, na madhara makubwa, ingawa ni nadra, huwapata zaidi wazee. Mjamzito na mwenye kinga dhaifu pia waseme mapema.

Zile siku kumi ni muda wa mwili kujenga kinga. Ndiyo maana nakusihi, akitokea mtu wa kukugongea muhuri bila sindano, au wa kurudisha tarehe nyuma, mkatalie. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, na mbu wake huuma mchana, wakati chandarua kimefungwa juu. Mwaka 2016 wafanyakazi 11 waliotoka Angola walifika nao China. Kwetu ulizuka Isiolo mwaka 2022. Muhuri wa bandia haumzuii mbu.

Wanaokwenda Hija wana chanjo nyingine ya lazima, ya homa ya uti wa mgongo, nayo idungwe angalau siku kumi kabla ya kufika Saudia.

Kabla hujatoka kliniki, linganisha jina la kadi na la pasipoti, herufi kwa herufi, kisha utie sahihi. Mama huibana yake ndani ya pasipoti kwa mpira wa nywele. Yangu sasa imo humo humo, pamoja na yake.