Kwa Bi Mkutubi: Simu imejaa, kichwa kitupu

SWALI: Shikamoo Bi Mkutubi. Nasoma kilimo, mwaka wa pili, niko Morogoro. Nina magrupu kumi na manne ya WhatsApp: la darasa, la kila kozi, la diskasheni, la tuliopanga mtaa mmoja, na jingine sikumbuki nani aliniingiza. Vitini vyote vinapita humo. Simu yangu ni ya GB 32 na imejaa. Kompyuta naazima kwa mwenzangu wa chumbani. Muhula uliopita nilitafuta slaidi za takwimu mpaka saa nane usiku kuamkia mtihani, sikuziona, nikanywa supu, yaani nikafeli na kurudia mtihani. Rafiki akanishauri nipakue programu ya kupanga masomo. Nikashinda Jumamosi nzima nachagua rangi. Nifanyeje? (Mkulima, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa hiyo supu. Si wewe wa kwanza kuinywa, na ya takwimu siku zote huzidi chumvi.

Nimefanya kazi maktaba miaka 31, ngoja nikupe siri moja ya sisi wakutubi. Kitabu kilichoibwa hakitusumbui sana. Tunakifuta kwenye orodha, tunaomba kingine. Kinachotutoa jasho ni kile kilichorudishwa rafu isiyo yake: orodha inasema kipo, msomaji anaapa hakipo, na wote wawili wanasema kweli. Slaidi zako hazikupotea. Zimo humo humo kwenye simu, zinaitwa DOC-20241114-WA0007, zimelala kati ya ratiba ya mechi na kadi ya mchango wa harusi ya mtu usiyemjua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walikuwa hawajaona WhatsApp.

Grupu ni gulio. Mtu huenda gulioni akachukua chake akarudi nyumbani, halali huko na gunia. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio, zima kule kupakua kwa kujiendesha, picha na video zisijishushie zenyewe. Kisha kila jioni pita magrupu ya kozi tu, chukua kilicho chako. Usikawize, maana faili likikaa muda mrefu bila kupakuliwa, siku ukiligusa utaambiwa umwombe aliyelituma alitume tena, na siku hiyo huwa ndiyo ya mtihani.

Kabla hujalihifadhi, libatize. Kozi, wiki, mada: TAKWIMU-05-sampuli. Andika 05, si 5, la sivyo wiki ya 10 itajipanga mbele ya wiki ya 2 na utadhani simu imerogwa. Halafu lipeleke ghala moja. Moja tu. Mimi natumia Google Drive, inatoa GB 15 bure, ingawa humo humo zinahesabiwa barua pepe na picha zako. Pandisha mafaili usiku ukiwa na bando la usiku. Nakala ya pili iweke kwenye flashi, na hiyo flashi isikae mfuko mmoja na simu, kwa sababu kibaka hachagui.

Utaniuliza, si chuo kina mfumo wake wa masomo mtandaoni? Kinao, na vyuo vingi wameujenga juu ya Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni. Aliyeianzisha, Martin Dougiamas, alikulia jangwani Australia, mbali na shule yoyote, akisomeshwa kwa redio. Toleo la kwanza likatoka mwaka 2002. Huwa nafurahi nikikumbuka kwamba kitu hiki kinachotukasirisha kwa kututoa nje kila baada ya dakika kadhaa kilibuniwa na mtu aliyejua kusoma ukiwa mbali kuna adha gani. Lakini mfumo wa chuo ni nyumba ya kupanga. Mpwa wangu alihitimu, miezi sita baadaye mwajiri akamtaka ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Akaunti ilishafungwa, nakala hana. Aliandika upya kurasa arobaini kwa kumbukumbu, na nina hakika nusu ni hadithi. Fungua mfumo wa chuo kwa ajili ya kukabidhi kazi na kusoma matangazo. Chako kiwe kwako.

Sasa, hayo yote ni utunzaji wa ghala. Nataka unielewe hapa, kwa sababu wengi wakishapanga mafaili huona wamesoma.

Mwaka 2008 walimu wawili wa Kanada, George Siemens na Stephen Downes, walifundisha kozi kupitia Chuo Kikuu cha Manitoba. Waliolipa ada walikuwa kama 25. Waliojiunga bure mtandaoni walizidi 2,200. Hapakuwa na ukumbi mmoja. Kila mtu aliandika mahali pake, mwingine hapa, mwingine kule, na walimu wakawaambia waziwazi wasijaribu kusoma kila kitu, wachague. Bila shaka watu walizidiwa. Ikawa Downes anakusanya yaliyoandikwa na kuyatoa katika jarida moja la kila siku, ili mtu ajue dunia imefika wapi.

Wewe huna Downes wa kukukusanyia, basi toa jarida lako mwenyewe. Jumapili jioni, ukurasa mmoja wa daftari la karatasi, dakika ishirini. Kwa kila kozi andika kilichoingia wiki hii na kilipo. Kisha andika ambacho hukukielewa, na jina la mtu utakayemuuliza. Mstari huo wa mwisho ndio shule yenyewe. Kama kila wiki unauacha mtupu, unajidanganya, au unasoma kozi rahisi kupita kiasi.

Na huyo utakayemuuliza asiwe grupu la watu 180. Tafuta wawili, watatu, mkae kimbwetani, simu kifudifudi mezani. Swali likibaki gumu, ndipo CR, yaani mwakilishi wa darasa, alipeleke kwa mhadhiri. Nimeona vijana wakituma swali kwenye grupu saa nne usiku, wakajibiwa na vikaragosi sita vya kucheka na tangazo la viatu.

Kuhusu kukumbuka, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885: mengi husahaulika upesi, ila kila ukirudia kwa nafasi, kusahau kunapungua kasi. Programu ya Anki imejengwa juu ya wazo hilo, inakuletea kadi ya swali siku unayokaribia kulisahau. Kwenye simu za Android ni bure. Sharti langu ni moja, kadi uziandike wewe. Usipakue za mwenzako, hizo ni kama kula ubwabwa uliotafunwa.

Ile programu ya rangi ifute. Sikucheki. Mwaka 1999 nilikuwa nasoma Chuo Kikuu Huria huku nafanya kazi, vitini vya karatasi navifuata kituo cha mkoa. Wiki nzima ya kwanza niliimaliza napiga mistari ya pambizo kwa kalamu nyekundu, madaftari manane, mazuri ajabu. Jaribio la kwanza nilipata 34.

SWALI: Bi Mkutubi, salaam. Mwanangu yuko kidato cha nne hapa Tanga. Kila nikimwambia aweke simu anasema yuko darasani mtandaoni. Nikimchungulia, anageuza kioo. Nimnyang'anye? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Usimnyang'anye kwanza, dada yangu. Mwambie akae karibu nawe akuonyeshe anakosomea, kama anayekutembeza shamba lake. Anayesoma kweli atakuonyesha kwa maringo, na utachoka wewe kabla yake. Asiye na kitu atakwambia bando limekwisha.

Akiwa hana pa kuanzia, mpe mawili. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, bure. Na Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali: wengi walikosea wapi, jibu zuri lilikuwaje, mpaka vipande vya majibu halisi vimeonyeshwa. Ajabu ni kwamba watoto wanahangaika na mitihani ya nyuma isiyo na majibu, na hii imewekwa wazi inamsubiri mtu. Nenda naye steshenari, mchapishe ya masomo mawili anayoyaogopa. Baada ya hapo simu ilale chumbani kwako kuanzia saa nne. Na yako pia, maana ameshakuona.

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni muuguzi Mbeya, najiendeleza kwa masomo ya masafa. Zamu za usiku, mtandao wa kubahatisha. Wenzangu wanatumia akili mnemba kufanya kazi za chuo. Na mimi niingie? (Msomaji wa zamu)

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Mtandao kwanza. Siku ukiwa penye Wi-Fi nzuri pakua Kiwix, programu ya kusomea bila mtandao, ni bure, uweke humo Wikipedia. Kuna ya Kiswahili, na kuna mkusanyiko wa makala za tiba kwa Kiingereza. Ukishapakua, inafunguka hata mtandao ukiwa umekufa kabisa. Video za masomo zishushe siku hiyo hiyo.

Akili mnemba itumie ikuulize, isikujibie. Ipe kitini chako, iambie ikutungie maswali kumi, ujibu kwa maneno yako, ikusahihishe. Ila marejeo usiyachukue kwake bila kuyatafuta mwenyewe. Kijana mmoja aliniletea orodha ya makala sita, imenyooka, waandishi na miaka imo. Tulitafuta asubuhi nzima. Nne hazikuwahi kuandikwa na mtu yeyote duniani. Alinitazama kana kwamba nimezificha mimi.

Na vipimo vya dawa, mjukuu wangu, hata kwa zoezi la darasani, fungua mwongozo wa matibabu ulioko wodini kwenu.