MRI ya kesho asubuhi iahirishe

Ahirisha, isipokuwa kama daktari wa watoto wachanga ndiye aliyeitaka mapema na amekueleza sababu. Umesema mwanao amezaliwa leo alfajiri, hakulia, akapumulishwa kwa mfuko na barakoa, na kwamba wewe ndiye unayeshinikiza apigwe MRI, yaani picha ya ubongo ya mashine ya sumaku, haraka ili moyo wako utulie. Hivyo ndivyo nilivyofanya miaka minne iliyopita, ila mimi nilikuwa na namba ya mtu anayemjua mtu, nikaruka foleni. Huenda mimi ndiye baba pekee mjini aliyetoa bahashishi ili akosee mapema zaidi.

Wetu alipigwa picha akiwa na saa 20, na majibu yakasema ubongo hauna kasoro. Yule bwana wa kituo cha vipimo, ambaye mpaka leo sijui alisomea nini, alinipiga begani akaniambia nikachinje mbuzi, nami nikachinja kweli. Hakuuliza mtoto ana umri gani! Hakuna aliyetueleza kwamba ubongo uliokosa oksijeni huendelea kuharibika kwa siku kadhaa, na kwamba katika saa 24 za kwanza hata zile picha za MRI zinazofuatilia mwendo wa maji ndani ya tishu, ambazo ndizo huwahi kuliona jeraha, zinaweza kulionyesha dogo kuliko lilivyo au zisilionyeshe kabisa. Picha hizo huona vizuri zaidi kati ya siku ya tatu na ya tano, kisha baada ya wiki moja hivi alama hufifia ilhali jeraha lipo palepale.

Pesa niliisahau, karatasi ile ndiyo iliyotuumiza. Kwa kuiamini niliacha kliniki ya ufuatiliaji, na mama yangu aliposema mtoto anakaza mikono na shingo haijakaa, nilimwonyesha majibu kana kwamba ni hati ya kiwanja. Alipofikisha miezi sita, picha ya pili ilionyesha makovu katika sehemu za ndani za ubongo zinazosimamia mwendo wa viungo, tukaambiwa ni mtindio wa ubongo. Mazoezi ya viungo yalianza siku hiyo, wakati yangeweza kuanza miezi mitano kabla.

CT, ile picha ya eksirei ya kompyuta, achana nayo kwa jambo hili, kwa kuwa ina mionzi na jeraha la aina hii hailioni vizuri. Dawa ya usingizi mara nyingi haihitajiki: mtoto hunyonyeshwa akashiba, huviringishwa blanketi, huzibwa masikio, akalala huku mashine ikigonga kama fundi wa bati.

Kabla ya kusaini chochote, muulize daktari mtoto atakuwa na siku ngapi mashine itakapowashwa. Akisema kati ya siku ya tatu na ya tano, na mtoto ametulia kiasi cha kuweza kusafirishwa, nenda. Kama amewekwa kwenye tiba ya saa 72 ya kushusha joto la mwili, subirini imalizike. Na picha hata ikija safi, tarehe ya kliniki usiiguse. Andika hapa saa aliyozaliwa, tuhesabu.