Visram hakuwa na makosa, njia ndiyo ilikuwa mbaya: majibu ya maswali yenu

Niliandika kwamba 2011 Wakenya walifanya vizuri kumkataa Jaji Alnashir Visram asiwe Jaji Mkuu, na maswali yamekuja mengi. Haya ndiyo yaliyorudiwa sana.

Kwani Visram alikosa nini?

Hakukosa kitu, na hilo nataka lieleweke. Alikuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa, mtu wa heshima zake. Shida ilianza Januari 28 wakati Rais Kibaki alitoa majina manne kwa mpigo, Visram Jaji Mkuu, Githu Muigai Mwanasheria Mkuu, Kioko Kilukumi mkurugenzi wa mashtaka, William Kirwa Mdhibiti wa Bajeti. Raila alikuwa Waziri Mkuu na akasema hakushauriwa vile katiba ilitaka, nayo Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, haikuwa imemhoji mtu hata mmoja. Katiba yenyewe ilikuwa na miezi mitano tu tangu tuipate, na tayari anayeamua kesi, anayeshtaki na anayechunga pesa za umma wote wanataka kutoka mkono mmoja!

Si rais amechaguliwa na wananchi, mbona asichague jaji anayemtaka?

Ndugu yangu, wewe ukiwa na kesi ya shamba na jirani, halafu huyo jirani ndiye anachagua mzee wa kuamua, utaenda huko roho ikiwa imetulia? Serikali inashtakiwa kortini kila siku, kwa mashamba, kwa watu waliopigwa na polisi, kwa kodi, hivyo ni lazima jaji asiwe na deni kwa mwenye serikali. Na hatusemi hivi kwa kuogopa kivuli, 1988 katiba ilibadilishwa majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi yao, ulinzi wenyewe ukarudi 1990, na wazee wetu waliokuwa na kesi dhidi ya serikali wakati huo wanajua vile waliingia kortini wakijua wameshindwa hata kabla jaji hajaketi. Mimi nimesikia hizo hadithi nyumbani tangu utotoni, bado zinaniuma.

Nani alizuia hayo majina?

Watetezi wa haki za akina mama walienda kortini, manake majina yote manne yalikuwa ya wanaume, na Februari 3 Jaji Daniel Musinga akasema uteuzi ulikuwa kinyume na katiba. Halafu ikaja zamu ya Spika wa Bunge, Marende. Siku aliposoma uamuzi wake nilikuwa kwa kinyozi, mashine ikazimwa, watu waliokuwa wanangoja kwenye benchi wakasogea karibu na TV na hakuna aliyeongea mpaka akasema haya majina hayawezi kuendelea. Kibaki akayaondoa Februari 22, na kwa hilo nampa heshima yake, kuna marais wangekaza shingo.

Sasa ilisaidia nini?

Kazi ya Jaji Mkuu ilitangazwa, watu wakaomba, wakahojiwa mbele ya wananchi. Willy Mutunga aliulizwa hata kuhusu hereni ya sikio lake na akasema hatoi, hata kama ataikosa kazi, na bado akaipata. Lakini vita haikuisha. JSC ilipopendekeza majaji 41 mwaka wa 2019, Rais Uhuru alikaa nao karibu miaka miwili, 2021 akateua 34 na kuacha sita nje, mmoja alikuwa ameshafariki, na hao sita waliapishwa 2022 baada ya Ruto kuingia. Rais kukalia majina ya majaji ni ubaya uleule wa kujichagulia, tusiunyamazie eti kwa sababu haupigi kelele.

Visram naye aliishia wapi?

Kiti kilipobaki wazi 2016 aliomba, akaketi kwenye intavyu kama wengine. Aliyekipata ni David Maraga, akateuliwa na Uhuru baada ya JSC kumpendekeza, na Septemba 1, 2017 huyo huyo Maraga ndiye alitangaza kwamba ushindi wa Uhuru umefutwa, uchaguzi urudiwe.