Tangi Langu la Maji ya Chumvi Limekwama Wiki ya Tatu

SWALI: Shikamoo, mjibu maswali. Nimetengeneza tangi la lita 200 la maji ya chumvi, nia yangu ni kufuga matumbawe. Mawe ni makavu, mchanga ni mpya. Nilitia amonia ya chupa hadi miligramu 2 kwa lita, pamoja na bakteria wa chupa. Sasa ni wiki ya tatu. Amonia imefika sifuri, lakini nitriti iko juu na haitaki kushuka, na mchanga umetanda vumbi la kahawia. Rafiki mmoja ananishauri nimwage maji na kuosha mawe. Mwingine anasema nitie samaki wagumu ili waliivishe tangi, yaani uchafu wao ulishe bakteria. Nifuate lipi?
Msomaji, jina limehifadhiwa

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usifuate hata moja, nakuomba sana. Tangi lako halijakwama, liko pale hasa linapotakiwa kuwa.

Amonia kufika sifuri maana yake kundi la kwanza la bakteria limeshashika kwenye mawe na mchanga. Hao hula amonia na kutoa nitriti. Kundi la pili, linalogeuza nitriti kuwa nitrati, huchelewa kuzaliana, na ndiyo maana watu wengi hukata tamaa wiki ya tatu au ya nne. Ukiosha mawe kwa maji ya bomba yenye klorini, utawaua hao waliokwisha kushika na kuanza upya.

Usitishwe na rangi ile ya zambarau kwenye kichupa cha kupimia nitriti. Katika maji yasiyo na chumvi nitriti ya juu huua samaki haraka, lakini maji ya bahari yana kloraidi nyingi inayoizuia isiingie kwenye matamvua. Hapa ichukulie kama dalili tu kwamba kundi la pili bado ni changa. Kipimo cha nitrati nacho kiweke kando kwa sasa: kinafanya kazi kwa kugeuza nitrati kuwa nitriti kwanza, basi nitriti iliyomo majini inakidanganya na kukupa namba kubwa isiyo ya kweli.

Kuhusu samaki wagumu, hapo siwezi kulegeza. Amonia huunguza matamvua, na kwenye pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya 8.2, kama ya bahari, sehemu iliyo sumu ni kubwa kuliko kwenye maji ya pH ya chini. Samaki anaweza kuokoka na bado akabaki na madhara. Hakuna sababu ya kumtesa kiumbe kwa kazi ambayo amonia ya chupa inaifanya vizuri.

Vumbi la kahawia ni diatomu, vijimea vinavyokula silika ya mchanga na mawe mapya, au ya maji yasiyochujwa vizuri. Huondoka vyenyewe silika ikiisha. Taa zizime, kwa sasa hakuna anayezihitaji humo.

Kazi yako ni kusubiri huku pampu zikizungusha maji na joto likikaa nyuzi 25 au 26. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, maana chumvi haipandi na mvuke. Ukijazia ya chumvi kila mara, utapita gramu 35 kwa lita bila kujua. Nitriti ikifika sifuri, tia tena amonia ya miligramu 2 kwa lita, kisha pima baada ya saa 24. Amonia na nitriti zote mbili zikisoma sifuri, tangi limekomaa. Lisiposoma hivyo, hata kama kalenda imefika wiki ya sita, bado.

Hapo ndipo ubadilishe sehemu kubwa ya maji ili kupunguza nitrati iliyolundikana, halafu utie samaki mmoja au wawili wadogo. Wape bakteria muda wa kuongezeka kulingana na uchafu mpya kabla ya kuongeza wengine. Matumbawe yasubiri zaidi, kwani hayavumilii chumvi na alkali (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) zinazopandashuka. Pima alkali kila baada ya siku chache, na ikitulia karibu na dKH (kizio cha kupimia alkali) 8 au 9 kwa wiki kadhaa mfululizo, anza na matumbawe laini. Yale ya mifupa migumu yaache hadi tangi liwe na miezi mingi.