Jibu: Kusoma nyaraka za Python ndani ya Emacs bila intaneti

Ndugu, umeuliza iwapo inawezekana kusoma nyaraka za lugha ya programu ya Python ukiwa ndani ya kihariri cha maandishi cha Emacs, bila kufungua kivinjari na bila kumaliza bando. Inawezekana, kwa programu-jalizi ndogo iitwayo devdocs, ambayo imo katika GNU ELPA, hazina ya programu-jalizi za Emacs, na ambayo mimi naitumia kila siku.

Ukishaisakinisha, andika M-x devdocs-install (M-x ni kubonyeza Alt pamoja na x), kisha uchague Python pamoja na toleo lako. Nyaraka zitapakuliwa mara moja na kuhifadhiwa kwenye diski, na tangu hapo intaneti haihitajiki tena kuzisoma. Unapoandika msimbo ukasahau, tuseme, mpangilio wa vigezo vya str.split (inayokata maandishi vipande vipande), ita devdocs-lookup kwa M-x vilevile, andika herufi chache za jina hilo, na maelezo yatafunguka katika dirisha jingine huku faili lako likiwa bado mbele ya macho yako.

Nakusihi uwe makini na toleo. Anayesoma nyaraka za 3.12 ilhali mashine yake ina 3.8 atajaribu kutumia match, kauli ya kulinganisha thamani na ruwaza iliyoingia katika 3.10, na ataambulia kosa la sintaksia asijue limetoka wapi.

Amri ya kutafuta, devdocs-lookup, nimeiweka kwenye C-h D (Ctrl pamoja na h, kisha D kubwa).