Maswali ya Wasomaji: Mkataba wa Mkongwe Unapogeuka Mtaji

Barua za mpira wa kikapu tulizopokea safari hii zinaulizia jambo moja kwa njia mbalimbali: kwa nini katika ligi ya NBA mchezaji mzee, au asiyecheza kabisa, hugombewa na timu wakati wa kubadilishana wachezaji. Tumechagua tano.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Evan Fournier alikaa benchi la New York Knicks karibu misimu miwili huku akilipwa zaidi ya dola milioni 18 kwa msimu. Nilidhani klabu ingeshukuru siku mkataba ule utakapokwisha. Badala yake, Februari 2024 Detroit Pistons walimchukua na kuwapa New York Bojan Bogdanović na Alec Burks, watu wanaojua kufunga. Je, Detroit hawakuona kwamba mtu huyu hachezi?

JIBU: Waliona, ndugu msomaji, na haikuwasumbua. Detroit walimtaka kijana Quentin Grimes, aliyekuwa katika msafara huohuo, pamoja na chaguo mbili za raundi ya pili ya drafti, yaani zamu za kuchagua wachezaji wapya wanaoingia ligini. Fournier alikuwemo ili hesabu ikubali.

Hesabu yenyewe ni hii. NBA ina kikomo cha mishahara, ambacho msimu wa 2024/25 kilikuwa dola 140,588,000 kwa kila timu. Kikomo hicho kina milango: timu inaruhusiwa kukivuka ili kuwabakiza wachezaji wake yenyewe, na timu nyingi huwa zimekivuka. Ikishakivuka, timu haina tena nafasi ya kumsajili mchezaji huru, asiye na mkataba na timu yoyote, wa bei kubwa, hata kama mmiliki ana fedha za kujaza ghala. Njia inayobaki ya kumpata nyota ni kubadilishana, na hapo sheria inadai mishahara inayotoka ikaribiane na inayoingia. Kwa kanuni za mkataba wa pamoja wa ligi na chama cha wachezaji wa mwaka 2023, timu ya kawaida inayotoa mshahara mdogo huweza kupokea takriban mara mbili yake. Inayotoa mshahara wa kati hupokea uliotoka na nyongeza ya kama dola milioni 7.5, na inayotoa mshahara mkubwa hupokea hadi asilimia 125. Timu ambayo matumizi yake yamepita kizingiti cha kwanza, kilicho juu ya kiwango cha kodi ya anasa inayotozwa timu zinazotumia mno, hairuhusiwi kupokea hata dola moja zaidi ya iliyotoa.

Sasa fikiria timu yenye nyota wawili wanaolipwa sana na vijana wanane wa mshahara mdogo. Ikimtaka mchezaji wa dola milioni 23, itatoa nini? Nyota haitaki kuwatoa, na vijana wa milioni mbili au tatu itabidi wakusanywe karibu kikosi kizima. Mkataba wa mkongwe wa milioni 19 ndio unaofanya mazungumzo yaanze, hata kama mwenye mkataba huo hajavua fulana ya mazoezi tangu msimu ufunguliwe.

Fuatilia nafasi hiyohiyo ya mshahara iliendaje. Fournier alikwenda Detroit, Bogdanović akaja New York. Mkataba wa Bogdanović ulikuwa na mwaka mmoja zaidi, wa kama dola milioni 19, ambao dola milioni 2 tu kati yake zilikuwa zimehakikishwa endapo angeachwa mapema. New York hawakumwacha. Julai 2024 walimpeleka Brooklyn Nets pamoja na chaguo tano za raundi ya kwanza, wakampata Mikal Bridges, ambaye mshahara wake ulikuwa takriban dola milioni 23.3. Bogdanović, aliyekuwa majeruhi, hakuichezea Brooklyn hata mchezo mmoja. Katika biashara hiyohiyo waliongezwa Shake Milton na Mamadi Diakite, si kwa sababu Brooklyn iliwalilia, bali ili jumla ya mishahara iliyotoka New York ifikie ya Bridges na klabu isifungwe na kizingiti cha kwanza kwa msimu mzima. Kwa hiyo mkataba ambao mashabiki waliuzomea tangu Fournier alipoondolewa kwenye mzunguko wa wachezaji, Novemba 2022, uliishia kuwa Mikal Bridges.

Tusiseme hata hivyo kwamba Fournier ndiye aliyemnunua Bridges. Malipo yenyewe yalikuwa zile chaguo tano za drafti, ambazo kwa maoni yangu zilikuwa nyingi mno kwa mchezaji ambaye hajawahi kuchaguliwa katika kikosi cha nyota wa ligi. Mkataba wa mkongwe uliwezesha tu malipo hayo yapokelewe kisheria. Wengi wanaoandika juu ya ligi hii huchanganya mambo haya mawili, kisha wakashangaa kwa nini timu yenye mikataba mikubwa inayoisha, lakini isiyo na chaguo za drafti wala vijana, haipati mtu.

SWALI: Mhariri, zamani tulikuwa tukisikia sana habari za "mkataba unaoisha", kana kwamba ni dhahabu. Siku hizi sizisikii. Kulitokea nini?

JIBU: Kumbukumbu yako ni sahihi. Miaka ya 2000 mikataba ilikuwa mirefu. Kwa kanuni za mwaka 1999 timu ingeweza kumpa mchezaji wake miaka saba. Ukikosea kumlipa mtu kwa miaka saba, unaumia kwa miaka saba, na ndiyo maana mkataba uliobakiza miezi michache ulikuwa na thamani kubwa: aliyeupokea alikuwa ananunua siku ya kuwa huru. Julai 2007 Boston Celtics walimpata Kevin Garnett kutoka Minnesota Timberwolves kwa kutoa wachezaji watano na chaguo mbili za drafti. Kati ya wale watano alikuwemo Theo Ratliff, ambaye msimu uliotangulia alikuwa ameichezea Boston michezo miwili tu kwa sababu ya mgongo, lakini mkataba wake wa zaidi ya dola milioni 11 ulikuwa umebakiza mwaka mmoja. Bila tarakimu hiyo mshahara wa Garnett usingepata wa kulinganishwa naye. Boston wakawa mabingwa 2008.

Februari 2008 Los Angeles Lakers walimchukua Pau Gasol kutoka Memphis Grizzlies, na kipande kikubwa cha mshahara uliotoka kilikuwa cha Kwame Brown, ambaye mkataba wake ulikuwa unakwisha. Wakati ule Memphis walichekwa sana. Waliocheka hawakuangalia jina dogo lililokuwa mwishoni mwa orodha, haki za kumsajili mdogo wake Gasol, Marc, aliyekuja kutajwa mchezaji bora wa kujihami wa ligi mwaka 2013.

Dhahabu hiyo pia iliweza kuoza mkononi. Msimu wa 2008/09 Portland Trail Blazers walikuwa na mkataba unaoisha wa Raef LaFrentz, kama dola milioni 12.7, uliozungumzwa kila siku. Siku ya mwisho ya kubadilishana ikapita, Portland hawakuupeleka popote, na LaFrentz mwenyewe alikuwa majeruhi.

Kilichobadilika ni urefu wa mikataba. Tangu makubaliano ya mwaka 2011, mkataba mpya ni wa miaka mitano kwa mchezaji wa timu yenyewe na minne kwa anayetoka kwingine, hivyo karibu kila kosa linakwisha lenyewe baada ya muda mfupi. Kisha mwaka 2016, fedha za televisheni zilipoongezeka, kikomo kiliruka kutoka dola milioni 70 hadi zaidi ya milioni 94 kwa mkupuo, na mikataba mingi iliyoonekana mizito ikawa ya kawaida. Leo kinachotafutwa zaidi ni mkataba wa kati, wenye mwaka wa mwisho ambao uamuzi wake uko mikononi mwa klabu. Mfano mzuri ni ule waliouandaa Indiana Pacers mwaka 2023. Wakiwa bado na nafasi chini ya kikomo, walimpa Bruce Brown, aliyetoka kuwa bingwa na Denver Nuggets, dola milioni 45 kwa miaka miwili, na mwaka wa pili ukiwa hiari ya klabu. Wengi walisema bei imepita kiasi kwa mchezaji wa aina yake, na kwa uwanjani pengine ilikuwa kweli. Haikufika hata mwaka. Januari 2024 mshahara wake wa milioni 22 ulikuwa msingi wa biashara iliyomleta Pascal Siakam kutoka Toronto Raptors, na Indiana wakaongeza chaguo tatu za raundi ya kwanza. Fainali ya Kanda ya Mashariki ya 2025 ilizikutanisha Indiana ya Siakam na New York ya Bridges. Indiana walishinda kwa michezo minne dhidi ya miwili.

SWALI: Je, mkataba wa mkongwe unaweza kuwa mzigo leo na mali kesho, bila mchezaji kubadilika?

JIBU: Unaweza, na Al Horford ni shahidi. Mwaka 2019 Philadelphia 76ers walimpa mkataba wa miaka minne wenye thamani ya hadi dola milioni 109. Mwaka mmoja ulitosha kuonyesha kwamba hawezi kucheza vizuri kando ya nyota wao Joel Embiid, na mwishoni mwa 2020 Philadelphia waliwapa Oklahoma City Thunder chaguo ya raundi ya kwanza ili wakubali kumchukua, wakapata Danny Green. Oklahoma City walimchezesha michezo isiyofika thelathini, kisha wakampumzisha ili wape vijana nafasi. Juni 2021 Boston Celtics walimrudisha kwao kwa kumtoa Kemba Walker, na safari hii Boston ndio waliolipa chaguo ya raundi ya kwanza. Angalia ustadi wa Oklahoma City: walilipwa kwa kumpokea, wakalipwa tena kwa kumtoa.

Horford alikuwa yuleyule. Ila mkataba wake ulikuwa umepungua mwaka mmoja, mwaka wake wa mwisho haukuwa umehakikishwa wote, na Boston walikuwa na mkataba unaowauma zaidi. Alicheza fainali ya 2022 na akatwaa ubingwa wa 2024 akiwa na miaka 38.

SWALI: Ndugu Mhariri, kijana wetu Hasheem Thabeet alipohamishwa kila mara, ilikuwa ni kwa sababu hizi za mikataba?

JIBU: Kwa kiasi fulani, ila yeye alikuwa upande wa pili wa mizani. Thabeet alichaguliwa wa pili katika drafti ya 2009, na Memphis walipochoka kumsubiri walimtumia, Februari 2011, pamoja na DeMarre Carroll na chaguo ya raundi ya kwanza, kumrudisha Shane Battier kutoka Houston Rockets. Battier alikuwa mkongwe wa mkataba unaoisha, lakini hakuchukuliwa kwa ajili ya hesabu. Katika mchezo wa kwanza wa mtoano dhidi ya San Antonio Spurs alifunga mtupo wa pointi tatu, sekunde zikiwa hazijafika thelathini, uliowapa Memphis ushindi wao wa kwanza wa mtoano tangu klabu ianzishwe. Mwaka uliofuata Houston nao walimtoa Thabeet katika biashara ya kumpata Marcus Camby, mkongwe wa miaka 37. Mara zote mbili kijana ndiye aliyekuwa malipo.

SWALI: Mchezaji mwenyewe ana sauti gani katika mambo haya? Na kweli timu zimewahi kumrudisha mchezaji "ziliyemtoa"?

JIBU: Zimewahi, hadi ligi ikachoka. Februari 2008 Dallas Mavericks walipotaka kumchukua Jason Kidd kutoka New Jersey Nets, Jerry Stackhouse, aliyekuwa anatolewa, alisema hadharani kwamba New Jersey wangevunja mkataba wake na yeye angerejea Dallas baada ya siku thelathini. Ligi haikuvumilia kusikia hivyo, na jina lake likaondolewa. Badala yake Dallas walimsainisha Keith Van Horn, aliyekuwa hajacheza tangu 2006, kwa sababu tu haki zake walikuwa bado nazo na mshahara wake ungejaza pengo. Miaka miwili baadaye Cleveland Cavaliers walimtoa Žydrūnas Ilgauskas kwa Washington Wizards wakampata Antawn Jamison, Washington wakamwachia Ilgauskas, na mwezi uliofuata akarudi Cleveland. Makubaliano ya 2011 yaliziba mianya yote miwili: timu iliyomtoa mchezaji, akaachwa na aliyempokea, haimsajili tena mpaka mwaka upite au mkataba ule ufike mwisho, na mstaafu wa aina ya Van Horn hawezi tena kusainishwa ili atolewe.

Kuhusu sauti, wengi hawana. P. J. Tucker, mwanzoni mwa Februari 2025, alipita mikononi mwa Utah Jazz, Miami Heat na Toronto Raptors ndani ya wiki moja baada ya kuondoka Los Angeles Clippers, bila kuvaa jezi ya hata moja kati ya hizo tatu. Haki ya kukataa kuhamishwa huandikwa katika mkataba wa mchezaji aliyetimiza angalau misimu minane kwenye ligi, minne kati yake na timu hiyo, na ni wachache sana wanaopewa. Wapo pia wenye mkataba wa mwaka mmoja ambao kwa kuhama wangepoteza haki zao za usajili, zile zinazoiruhusu timu kuvuka kikomo ili kuwabakiza, na hao huweza kukataa. Devean George alifanya hivyo katika biashara ileile ya Kidd, ikabidi ipangwe upya. Aliyeonyesha nguvu ya haki ya kukataa kuliko wote ni Bradley Beal. Alikuwa na mkataba wa dola milioni 251 wa mwaka 2022, na alipofika Phoenix Suns alikuja na haki hiyo. Phoenix, ambao kwa kuvuka kizingiti cha pili, kilicho juu zaidi ya kile cha kwanza, walikuwa hawaruhusiwi hata kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja, walishindwa kumhamisha, na Julai 2025 wakavunja mkataba wake kwa maelewano, akaenda Clippers kama mchezaji huru.