Homa ya wiki tano na daftari la kurasa nne

Wiki ya tatu nilikuwa nimeshamaliza dozi mbili za antibayotiki na moja ya malaria, na hiyo malaria haikuwahi kuonekana kwenye kipimo hata siku moja. Kila jioni ni yale yale: baridi inaanzia mgongoni, meno yanagongana, ikifika usiku wa manane shuka limelowa chapachapa. Asubuhi naamka mzima, naenda kazini, watu wananiona najidekeza.

Daktari wa nne hakuniandikia dawa. Alinituma nikanunue daftari na kipimajoto, nipime mara nne kwa siku, tena kabla ya kumeza parasetamoli. Wiki moja baadaye tukaona homa inapanda saa kumi na mbili jioni, 38.9, 39.1, kisha alfajiri inashuka. Akauliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa: nimekunywa maziwa mabichi (alikuwa anawaza brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo)? Nimesafiri wapi? Nimeng'olewa jino karibuni? Hilo la jino lilinichekesha, kumbe vijidudu vya kinywani vinaweza kuhamia kwenye vali za moyo. Akaniambia pia kwamba antibayotiki ikimezwa kabla damu haijachukuliwa na kuoteshwa maabara ili vijidudu vionekane, vinaweza kujificha. Nilinyamaza.

Tangu 1961, madaktari Petersdorf na Beeson wa Marekani walipoweka kigezo chao, homa isiyojulikana chanzo ilimaanisha inayozidi nyuzi 38.3 kwa zaidi ya wiki tatu, na wiki nzima ya uchunguzi hospitalini isitoe jibu. Mara nyingi si ugonjwa wa ajabu, ni wa kawaida uliojificha: jipu kwenye ini, VVU, saratani ya tezi za limfu, lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe). Aliyevuka miaka 50 na kichwa kinamuuma kwenye panja, aseme mapema, maana mishipa ya damu ya hapo ikivimba macho yanaweza kupofuka. Hata dawa unayomeza kila siku inaweza kuleta homa, ila usiiache kabla hujamuuliza daktari.

Kwa watoto sina mzaha. Wa chini ya miezi mitatu akifika 38, ni hospitali siku hiyo hiyo. Mdogo asiyejua kusema panapouma, mkojo wake upimwe. Maambukizi ya njia ya mkojo kwake mara nyingi hayana dalili nyingine zaidi ya homa. Na homa ikifika siku ya tano, macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo imepasuka, mwili una vipele, taja mwenyewe Kawasaki, ugonjwa wa watoto unaovimbisha mishipa ya damu. Tiba yake ikianza ndani ya siku kumi, mara nyingi mishipa ya moyo huepuka kudhurika.

Yangu ilikuwa kifua kikuu cha tezi za tumboni. Sikuwahi kukohoa. Siku ya kumi na moja ya dawa nilipima jioni nikaona 36.7, nikapima tena, kisha nikaazima kipimajoto cha jirani.